Trauti wakubwa wa Mto Thego wanakaa wapi? Miezi mitano navua wadogo tu

#1 Ndoano Moja

Wadau, habari za jioni.

Naishi upande wa Kiganjo, na tangu mwezi wa sita nimekuwa nikivua Mto Thego karibu kila Jumamosi. Leseni ninayo. Ufito ninao, wa mitumba lakini haujavunjika. Nzi wa bandia nafunga mwenyewe kwa manyoya ya jogoo wa mama, jogoo ambaye siku hizi akiniona anapita nyuma ya choo.

Samaki napata, hapo sina malalamiko. Jumamosi iliyopita nilitoa kumi na mmoja kabla ya saa nne. Taabu ni kwamba katika hao kumi na mmoja hakuna aliyezidi shibiri moja. Niliwarudisha wote majini. Nyumbani wameshanipa jina, mwogesha samaki.

Sasa kuna mzee anayechunga ng'ombe ng'ambo ya mto. Wiki mbili zilizopita alinionyesha kwa mikono ukubwa wa trauti aliyemwona. Mikono ya mtu anayesimulia samaki huwa inarefuka, nalijua hilo, nikacheka tu. Lakini siku hiyo hiyo nikamwona kwa macho yangu. Nilikuwa nimesimama kwenye daraja la miti nakula andazi. Chini yangu, kando ya jiwe moja jeusi, kitu nilichodhani ni kivuli cha tawi kikageuka ubavu. Mgongo wa kijani kilichokolea, madoadoa meusi mpaka kwenye mkia, na ule mstari wa waridi ubavuni. Mkia wenyewe mpana kama kiganja changu. Andazi lilibaki mdomoni. Nilipoinua mguu tu, akaondoka. Hakukurupuka. Aliondoka taratibu kama mwenye nyumba aliyechoshwa na wageni.

Nilirusha nzi pale saa mbili nzima. Hata kuguswa hakuguswa.

Swali langu: hawa wakubwa wanakaa wapi, wanakula nini, na mimi nakosea wapi? Natumia nzi wadogo, namba 14 na 16. Huwa naanza saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana.

#2 Mla Tilapia

Nenda soko la Nyeri, kuna mama anauza wa kilo mbili. Wa ziwani lakini, na hana mstari wa waridi.

#3 Mzee wa Ragati

Kijana, siku hiyo aliyevua ni andazi. Ulisimama pale juu bila kutikisika kwa muda gani? Dakika kumi? Basi tangu mwezi wa sita hizo ndizo dakika kumi pekee ulizovua sawasawa.

Nimevua mito ya Mlima Kenya tangu nikiwa mtoto wa shule, wakati huo nikiwabebea wageni wavu na chupa ya chai kwa shilingi mbili. Nimeona watu wenye fito za bei ya ng'ombe wakirudi na vidagaa, na nimeona mtu mwenye mwanzi akitoa samaki wa kushika kwa mikono miwili. Wanapoachana si kwenye ufito.

Mfikirie samaki kama mtu mwenye familia na mshahara mmoja. Mto unamletea chakula, sawa, lakini kusimama ndani ya mkondo ni gharama, anapiga mkia kutwa nzima ili asisombwe. Mdogo anaweza kujibanza popote, mwili wake hauombi mengi. Mkubwa akisimama kwenye maji ya kasi akisubiri vidudu vya kichwa cha pini, atatumia kuliko anachopata, atakonda. Kwa hiyo anatafuta mahali penye mambo matatu kwa pamoja: maji ya pole ya kulalia, mkondo wa kasi ulio karibu kabisa, urefu wa mwili wake tu, unaompitishia chakula mlangoni, na shimo la kukimbilia fisi maji akitokea. Mahali penye mawili kati ya hayo pako pengi. Penye yote matatu, katika kilomita nzima ya Thego, huenda ukahesabu panne au patano. Na kila mahali hapo pana mwenyewe.

Maana trauti wana ubabe. Kiti kizuri ni cha mwenye mwili, wengine wanafukuzwa wakae pembeni. Watu wengi hapa ndipo wanapopotea: wakipata wadogo watano mahali pamoja wanafurahi, wanasema hapa pana samaki. Mimi nikipata wadogo wawili mfululizo nakusanya mshipi naondoka. Wadogo wakicheza sebuleni, ujue mwenye nyumba hayupo, au yupo lakini amelala.

Sasa viti vyenyewe. Kila mtu anajua nyuma ya jiwe. Wachache wanajua kwamba hata mbele ya jiwe kubwa kuna mto wa kulalia, maji yanapogonga yanarudi nyuma kidogo na kutulia, na samaki anakaa hapo akiona chakula kinavyokuja kabla ya wenzake. Tazama kona za mto, upande wa nje, pale maji yamechimba ukingo kwa chini na mizizi ya mti inaning'inia. Tazama pale maporomoko madogo yanapoangukia lindi, si katikati penye povu jeupe, bali kwenye mshono kati ya povu na maji meusi. Huo mshono ndio barabara ya chakula.

Na chakula. Kijana, siku moja acha ufito nyumbani, vua viatu, pindua mawe. Utaona vidudu vingi, hao ndio unaowaiga na namba 16 zako. Halafu pindua jiwe kubwa zaidi utaona kaa. Mito yetu ya mlimani imejaa kaa wadogo wa kahawia. Nilipasua trauti mmoja wa Mto Ragati, alikuwa na kilo moja na robo, tumboni nikakuta kaa watatu, mmoja bado ana miguu yake yote, na samaki mwenzake wa urefu wa kidole. Wa kabila lake mwenyewe. Mnyama wa namna hiyo ukimrushia namba 16 ni kama mtu kukutupia punje moja ya wali kutoka ng'ambo ya barabara na kukuambia karibu chakula.

Tumia namba 6 au 8, maana namba ikishuka ndoano inakuwa kubwa. Rangi nyeusi au kahawia, manyoya yanayotikisika. Wazee wa zamani walitumia nzi wanaoitwa Mrs Simpson na Kenya Bug, na bado wanafanya kazi. Mtie uzito kidogo afike chini, kaa haogelei juu.

Saa zako nazo, saa mbili mpaka saa saba, ni saa za wadogo na watalii. Fika ukungu ukiwa bado juu ya maji. Lakini usitembee gizani peke yako upande wa msitu, nyati hawasomi leseni.

#4 Ndoano Moja

Mzee, nimesoma mara tatu. Asante sana. Nimekumbuka lile jiwe jeusi la darajani: mkondo unapita kushoto kwake, kulia maji yametulia, na nyuma kuna mizizi. Yote matatu! Nimekuwa nikipita hapo kila wiki nikienda kwenye kile kidimbwi cha mchanga chenye wadogo.

#5 Kiwira Juu

Wakuu, salaam kutoka Mbeya. Mzee wa Ragati, shikamoo.

Huku kwetu nako trauti walipandikizwa kwenye mito ya milimani enzi za mkoloni, na Kiwira huku juu ni mmojawapo. Mimi ni mgeni kwenye mambo haya, mjomba ndiye aliyenianzisha. Ninachotaka kujua, mkuu: mto wetu sehemu nyingine unauruka kwa hatua moja. Mto mdogo kiasi hicho unaweza kuwa na samaki mkubwa kweli, au tunajisumbua?

Pili, hawa samaki asili yao ni wapi? Babu anasema walikuja kwa meli. Sisi tunamcheka.

#6 Mama Vifaranga

Msimcheke babu, anasema kweli. Kenya trauti wa kwanza waliletwa 1905, mayai ya trauti wa kahawia kutoka Uskoti, wakawekwa Mto Gura kule Aberdare. Huyu wetu wa upinde wa mvua alifuata miaka michache baadaye kupitia Afrika Kusini. Kwao hasa ni mito ya Amerika Kaskazini inayomwaga Pasifiki, na upande wa pili Kamchatka kule Urusi. Mto wa Mlima Kenya haukuwa na trauti hata mmoja kabla ya hapo.

Mimi kazi yangu ni kufuga hawa hawa kwenye mabwawa, vifaranga mpaka wa mezani, kwa hiyo wacha niongeze jambo moja ambalo wavuvi huwa hawapendi kusikia. Samaki wa bwawani kwangu, nikimlisha vizuri, anafika robo kilo ndani ya mwaka. Ndugu yake aliye juu mtoni kwenye msitu, maji yakiwa baridi na chakula haba, anaweza kuwa na umri huo huo au kuuzidi na bado akawa wa shibiri. Si mtoto. Ni mtu mzima mwenye njaa. Nimewahi kumkamua jike wa shibiri moja na akatoa mayai.

Kwa hiyo ninyi mnaofikiri ukipanda zaidi mlimani ndipo utakuta wakubwa, mnapanda kinyume. Juu kuna wengi na wadogo. Ukishuka, maji yanapata joto kidogo, matope yenye rutuba yanaingia, wadudu wanaongezeka, kaa wanaongezeka, na samaki anakua. Ila kuna mpaka. Trauti yuko vizuri maji yakiwa nyuzi joto 10 mpaka 16 hivi. Yakipita 20 anaanza kuacha kula kwa sababu hewa ndani ya maji imepungua, na yakikaribia 25 unaokota mizoga. Samaki mkubwa wa mtoni mtafute karibu na mpaka huo, upande wa baridi. Nunua kipimajoto, ni cha bei nafuu kuliko rili. Pima saa nane mchana wakati wa jua, si asubuhi.

Kiwira Juu, mto mdogo unaweza kuwa na mkubwa, lakini mmoja. Tafuta lindi lenye kina kuliko yote, chini kabisa ya sehemu mnayovua. Ukimpata na kumla, usishangae kukaa muda mrefu bila kuona wa kiasi chake.

#7 Maji Yako Wapi

Mnaongea vizuri, lakini hamjagusa ukweli. Mama anasema shukeni chini. Chini ndiko kwenye pampu!

Mimi ni wa upande wa Naro Moru. Mwezi wa pili, kiangazi kikikolea, sehemu za chini za mto unaweza kuvuka na soksi. Kila shamba lina bomba lake, mengine yana kibali, mengine hayana hata aibu. Mashimo ambayo baba yangu alikuwa akivulia leo ni changarawe na magurudumu ya gari. Kaa gani? Lindi gani? Halafu kuna wale wanaokuja usiku na nyavu, na wengine wanaweka dawa, asubuhi unakuta hata viluwiluwi vimekufa. Nimeripoti mara mbili kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, nikaambiwa nilete ushahidi. Nilikuwa nimeubeba kwenye ndoo.

Trauti wakubwa hawajajificha, kijana. Wameisha.

#8 Mzee wa Ragati

Ndugu wa Naro Moru, sibishani na wewe juu ya maji. Ni kweli tupu na inauma. Mito ile ya upande wenu inayoelekea Ewaso Ng'iro imekamuliwa kuliko hii yetu inayoshukia Tana.

Ila kuisha, hapana. Fikiria wavu unafanya kazi gani. Wavu unapita pale unapoweza kuvutwa, kwenye kidimbwi wazi chenye mchanga chini. Kwenye mizizi, kwenye mawe yaliyopandana, wavu unanasa na kuraruka, na mwizi hapendi kushona. Basi aliyebaki mto mzima ni yule anayeishi kwenye mizizi. Na maji yakipungua kiangazi, samaki wote wa nusu kilomita wanakusanyika kwenye malindi mawili matatu yenye kina. Wakati huo mimi sivui. Kumvua samaki aliyekimbilia kisimani ni sawa na kumwibia mtu aliye hospitalini. Lakini naenda kutazama, bila ufito, naandika nani yuko wapi. Mvua ikija wanatawanyika kidogo tu, nami tayari nina ramani.

Sasa hivi mvua za vuli zinaelekea ukingoni. Hii ndiyo saa. Mto ukiwa kama uji wa wimbi usiende, hatakiona chambo chako. Ukianza kusafika, ukafika rangi ya chai ya rangi, ile unaona goti lako ukiwa umesimama lakini huoni kidole, acha kila kitu uende. Mkubwa anajiona salama kutoka mafichoni, na mvua imemsombea kaa na nyungunyungu mpaka mlangoni.

Kijana wa Thego, kuhusu kumkaribia. Samaki anaelekeza kichwa kule maji yanakotoka. Basi wewe njoo kutoka chini, nyuma yake, ukipanda. Piga magoti. Sitanii, magoti. Jinsi mwanga unavyopinda ukiingia majini, kitu kilicho chini karibu na usawa wa maji samaki hakioni vizuri, kilichosimama wima anakiona chote. Usivae shati jeupe. Na usikanyage kwa kishindo, ana mstari ubavuni unaosikia mtikisiko kabla jicho halijaona.

Usiingie majini kabisa mahali padogo kama hapo. Na ukumbuke hili kuliko yote: mrusho wa kwanza ndio wenye samaki. Wa pili una nusu samaki. Kuanzia wa tano unafanya mazoezi ya mkono. Wewe ulirusha saa mbili nzima! Alikuwa chini ya mizizi akihesabu.

#9 Mbali na Nyumbani

Niko Vancouver, huku ndiko kwao hawa samaki, na nimecheka kuona tunawajadili kwa Kiswahili. Huku kuna wanaozaliwa mtoni kisha wanashuka baharini, wanakula huko miaka miwili mitatu, wanarudi kupandisha mto wakiwa na kilo nne, tano na zaidi. Huku wanawaita jina jingine kabisa, lakini ni samaki yule yule. Aliyebaki mtoni bila kushuka, huenda akaishi maisha yake yote bila kufika kilo moja. Chakula, jamani.

#10 Nyeri Baridi

Hapo umenikumbusha maziwa ya mlimani. Ziwa Alice na Rutundu, yote yako juu ya mita 3,000, kote huko trauti walipelekwa na watu, na Alice ina sifa ya wakubwa kweli kweli. Kwa hiyo Mama Vifaranga, nadharia yako ya kushuka vipi? Kule ni baridi kuliko Thego.

#11 Mama Vifaranga

Swali zuri. Ziwani samaki hapigani na mkondo, kwa hiyo anachokula kinakwenda mwilini. Na ziwa lisilo na kijito kizuri cha changarawe, trauti hawazaliani sana, maana jike huchimba kiota kwa mkia kwenye changarawe yenye maji yanayopita. Mayai yanahitaji kama mwezi mmoja kwenye nyuzi 10 yakioshwa na maji safi muda wote. Pasipo hapo, watoto ni wachache, na wachache wakigawana chakula chote wanakuwa majitu. Mtoni juu ni kinyume: changarawe tele, watoto tele, sahani moja.

Kwa hiyo nirekebishe nilichosema: si baridi peke yake. Ni midomo mingapi kwenye sahani ngapi.

Na tafadhali, mkiona sehemu ya changarawe imesafishwa ikawa nyeupe kuliko jirani yake, msiikanyage. Pale kuna mayai.

#12 Mla Tilapia

Nimesoma mpaka hapa na bado sijaambiwa anapikwaje.

#13 Ndoano Moja

Ripoti ya kwanza, na si nzuri.

Jumamosi mto ulikuwa rangi ya chai kamili. Nilifika kabla ya jua, nikatambaa hatua kama ishirini kwenye majani yenye umande, suruali yote maji. Nilikuwa nimefunga nzi namba 6 wa manyoya meusi (jogoo amebaki na mkia nusu) nikamviringishia waya mwembamba wa risasi. Nikamrusha juu ya jiwe jeusi, nikamwacha azame, maji yakamleta. Nikahesabu moja, mbili, tatu.

Mshipi ukasimama. Nilidhani nimenasa jiwe. Halafu jiwe likatembea.

Sekunde nne, labda tano. Alikwenda moja kwa moja kwenye mizizi, nami nikafanya kosa la mtoto: nikashika mshipi kwa mkono kwa nguvu nimzuie. Tiiik. Uzi wa mwisho ukakatika kama wa buibui. Ulikuwa wa kilo moja na nusu, ule ule wa kuvulia wadogo.

Nilikaa pale chini mpaka saa tatu. Sikurusha tena.

#14 Mzee wa Ragati

Pole. Lakini umeona? Mrusho wa kwanza.

Weka uzi wa kilo tatu. Maji ya rangi ya chai hatauona. Fupisha, urefu wa mkono mmoja na nusu unatosha. Na akishika, usimvute nyuma kama ng'ombe. Laza ufito pembeni, karibu na maji, upande wa mbali na mizizi. Kichwa kikigeuka mwili unafuata. Hatua mbili za kwanza ndizo zote, akikosa mizizi kwenye hatua hizo mbili amekuwa wako.

Mpumzishe wiki mbili. Nzi atamtoka mwenyewe, hasa kama ulivunja kile kijino cha ndoano kwa koleo kama nilivyomwambia kila mtu humu tangu mjadala wa mwaka juzi.

#15 Kiwira Juu

Mimi nimeanza kupindua mawe, wakuu. Kaa wapo. Mjomba anasema nimerogwa.

#16 Ndoano Moja

Ripoti ya pili. Nimekawia kuandika kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka, kisha nikawa na wageni.

Nilirudi baada ya wiki tatu, kulikuwa kumenyesha Alhamisi. Nilifanya kila kitu Mzee alichosema, hata shati la kijani nililoazima kwa shemeji. Mrusho wa kwanza ulienda vibaya, ukaangukia kwenye maji ya pole, nikauacha upite mpaka chini kabisa ndipo nikaurudisha bila kuuchapa. Mrusho wa pili, wenye nusu samaki, ukapita ubavuni mwa jiwe.

Safari hii nilimwona. Ubavu mweupe ukafunguka ndani ya maji ya kahawia, kama mtu anayegeuza sahani. Nililaza ufito pembeni mpaka ncha ikagusa maji. Alisukuma kuelekea mizizi, nikahisi ile hatua ya kwanza, na ya pili, na kichwa kikageuka. Baada ya hapo ilikuwa ni kuteremka naye, mimi kwenye ukingo kwa magoti, yeye majini, mpaka kwenye kale kadimbwi ka mchanga ka wadogo wangu wa kila Jumamosi. Hapo ndipo nilipomtia wavuni.

Sentimita 47. Mizani ya jikoni ya mama ilisema kilo moja na gramu 150. Pembeni mwa taya kulikuwa na kidonda kidogo kilichopona. Ndoano yangu haikuwamo.

Ndiyo, nilimchukua. Najua wengine mtanisema. Nilikuwa na wageni, na mama alisema mwogesha samaki hatakaa kwenye nyumba hii mwaka mpya. Nilipompasua nilikuta kaa wawili na jani la mti. Hakuna mdudu hata mmoja.

Mla Tilapia: chumvi, ndimu, mkaa. Dakika saba kila upande. Usimwekee nyanya.

#17 Maji Yako Wapi

Hongera, kijana. Nimefurahi kwa kweli. Ukipiga picha mto huo, usionyeshe daraja.

#18 Mama Vifaranga

Hongera! Safari nyingine mrudishe, lakini leo kula. Naomba jambo moja tu: pita tena pale baada ya wiki moja utuambie umeona nini kando ya lile jiwe. Usivue, tazama.

#19 Ndoano Moja

Nimepita leo asubuhi. Nilinunua andazi kabisa.

Nilikaa darajani kama robo saa. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Halafu kivuli kikahama. Pale pale, upande ule ule wa jiwe, kichwa kikielekea juu. Ni mdogo kuliko yule, wa sentimita 35 hivi, lakini amejitanua kama vile amezaliwa hapo. Mdogo mmoja alijaribu kusogea akafukuzwa mpaka kwenye povu.

#20 Mzee wa Ragati

Mwache mpaka mvua za masika zipite. Na mchungaji akikuuliza, mwambie ulikuwa unakula andazi.